Uso Uliokuja kwa Posta

Canora, Saskatchewan
9 Novemba 1969

Mdogo wangu Metro,

Pedi yako ya hoki ya mguu wa kulia imekwisha kushonwa. Ya kushoto bado iko mezani imepasuliwa tumbo, na manyoya ya kulungu yametapakaa duka zima mpaka Mama ameyakuta kwenye chai yake. Baba alishona hatamu za farasi hapa maisha yake yote. Farasi wamekwisha mashambani, sasa mimi nashona miguu ya makipa. Ngozi ni ile ile na sindano ni zile zile, ila farasi hawakulalamika kwa barua.

Maana wewe umelalamika. Kwanza umetaka glavu ya kudakia iongezwe upana. Sawa, nimeongeza. Halafu umeniletea viatu vyako vya barafuni vya akiba, unataka kiatu cha kushoto kitiwe ngozi kwenye kifundo na makali yake ya ndani yanolewe kuliko ya kulia. Kipa gani ananoa mguu mmoja? Nimefanya ulivyotaka, lakini nimeguna.

Sasa la moyoni. Jumamosi ya juma lililopita nilikuwa uwanjani, nimekaa nyuma ya goli la wageni. Kijana wetu mmoja akaachia shuti, kisahani cha mpira mgumu kikaruka kutoka kwenye barafu, kikamkuta kipa wao usoni. Nilisikia mlio wake, Metro. Jana nimeambiwa jicho limetolewa hospitalini. Tangu hapo sikai. Naanza kushona, nasimama, naenda dirishani, narudi. Nimelifagia duka ambalo halikuwa chafu.

Makipa wakubwa wa ligi kuu wanavaa vinyago siku hizi, na hakuna anayewacheka. Nyinyi wa timu za migodini mnajifanya vichwa vyenu vimechongwa kwa jiwe. Prokop anayeunda boti za faiba kule ziwani amenifundisha kuilaza faiba juu ya kalibu, kwa hiyo kinyago nakutengenezea mimi. Ninachotaka kwako ni uso. Nakutumia plasta ya kufungia mifupa. Jipake mafuta ya mgando hadi kwenye nyusi, tia mirija miwili puani, lala chali, mtu akufunike uso wote, nawe ukae kimya mpaka plasta ipate moto na kukauka. Najua hapo kwenye kukaa kimya ndipo penye kazi.

Mama anakusalimia. Anauliza kama unakula.

Dada yako,
Stefka


Kettle Narrows, Manitoba
20 Novemba 1969

Dada Stefka,

Mwambie Mama nakula. Bibi wa bweni anapika viazi asubuhi, viazi mchana, na jioni anatushangaza kwa viazi.

Viatu vimefika na vimenikaa sawasawa. Nilivitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, nikavivaa bila soksi, nikatembea navyo bwenini mpaka vikakaukia mguuni. Bibi amenifokea kwa sababu ya sakafu yake. Vinabana hadi vidole vinalia, na ndivyo ninavyotaka. Glavu ni nzuri, naweza kudakia hata ng'ombe.

Kinyago hapana. Plasta nimempa Ozzie, mtunza vifaa wetu, aweke akiba siku mtu akivunjika mkono. Usikasirike. Huku kwetu hujui mambo yalivyo. Kipa wa Snow River alikuja na kinyago mwezi uliopita, uwanja wetu mzima ukamwimbia wimbo wa kubembelezea watoto. Kocha wetu, mzee Lachance, akatuambia chumbani, "Mnamwona yule? Kaomba radhi kabla ya mechi." Wote tukacheka, na mimi nilicheka.

Halafu fikiria, dada. Mgodi haukuniajiri kwa sababu najua kuchimba. Umeniajiri kwa sababu timu ilitaka kipa. Kitanda hiki ninacholalia ni cha kipa. Msimamizi wangu wa zamu ananiita "Mlango", wala sidhani kama analijua jina langu. Siku nikionekana naogopa kisahani, kesho yake mlango atakuwa mwingine.

Nitumie pedi ya kushoto upesi. Hii ya kuazima inanifanya nitembee kama bata. Siku hizi situlii, nataka siku ya mechi ifike tu.

Mdogo wako,
Metro


Canora
27 Novemba 1969

Metro,

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini sikio lako bado ni zima, kwa hiyo nasema tena.

Pedi ya kushoto ninayo mimi. Imekwisha, imepakwa mafuta, imening'inia ukutani inapendeza. Haitoki hapa mpaka nipate uso wako. Tembea kama bata.

Na usinitajie kocha wako. Mzee huyo alikuwa mshambuliaji, nakumbuka. Hajapata kusimama golini hata dakika moja, halafu anagawa ushujaa wa nyuso za wenzake. Mwulize ana nyuzi ngapi usoni, kisha hesabu zako.

Mimi sikuombi uache kucheza. Nakuomba macho yako. Una mawili tu, hayashonwi wala hayatiwi viraka, na mimi mwenye sindano ndiye ninayekuambia.

Stefka


Kettle Narrows
10 Desemba 1969

Dada Stefka,

Umeshinda. Unatisha kuliko washambuliaji wa Snow River.

Kasha ulilopokea pamoja na barua hii ndani yake mna uso. Nimelijaza nguo kuukuu lisivunjike. Kazi hiyo tuliifanyia jikoni bwenini. Ozzie alikuwa fundi, na Lorne Bissett, beki ninayelala naye chumba kimoja, alikuwepo pia. Mtu alilala juu ya meza ya kukandia unga, akapakwa mafuta mpaka akang'aa kama andazi. Plasta ilipoanza kupata moto, bibi wa bweni akaingia kutafuta chumvi. Akaona maiti mwenye mirija puani, akaachia sufuria. Lorne alitaka kucheka, na ukicheka plasta inapasuka. Ozzie akamkandamiza kifua, "Tulia wewe, usiniharibie kazi!"

Basi kazi hiyo. Toboa matundu makubwa ya macho, ndiyo ninayoomba tu. Na usihangaike sana kukipamba. Nitakiweka kwenye mfuko, labda nitakivaa mazoezini.

Sasa niletee pedi yangu.

Metro


Canora
17 Desemba 1969

Metro,

Pedi nimeituma. Sikutaka usimame golini na ya kuazima.

Uso nao nimeupokea. Nilimimina plasta laini ndani ya kalibu, ikakauka, nikaibandua, nikapata uso mzima wa mtu umelala kwenye benchi la Baba. Nikazima redio. Nikaupitishia vidole kama ninavyopapasa ngozi kabla ya kuikata, kutoka kwenye paji, kushuka puani, hadi kidevuni.

Pua imenyooka.

Pua yako, Metro, imevunjwa tangu ulipokuwa ukidaka mavi ya farasi yaliyoganda, tuliyoyachezea badala ya kisahani kule kwenye dimbwi, halafu ikavunjwa tena Yorkton, na mara ya tatu sijui wapi. Na mdomo wa juu nilikushonea mimi mwenyewe kwa uzi wa Baba, daktari alipokwama kwenye theluji. Uso huu una mdomo laini kama wa mwimbaji wa kanisani. Njia ya mwongo ni fupi. Yako imeishia kwenye benchi langu.

Nimesoma tena barua yako. Hukuandika popote kwamba aliyelala mezani ni wewe. Uliandika "mtu". Uso huu ni wa huyo Lorne, siyo? Hiyo si akili yako ya siku zote, umekaa ukaifikiria.

Basi na mimi nikakaa nikafikiria. Mtu asiyetaka kinyago angenitumia uso wake, akipate, akitupe chini ya kitanda. Wewe umetuma uso wa mwenzio. Kwa hiyo si kinyago unachonificha, ni uso. Nikakumbuka glavu ya mkono wa kushoto ulivyotaka iwe pana. Nikakumbuka kiatu cha kushoto, makali ya kushoto, ngozi ya kushoto. Nikakaa chini.

Nakuomba kitu kimoja. Ukimaliza kusoma mstari huu, funika jicho la kulia kwa kiganja, kisha niandikie unachokiona.

Stefka


Canora
8 Januari 1970

Metro,

Hukujibu, na hukuja Krismasi yetu ya Januari, ya kalenda ya zamani. Juzi usiku Mama aliweka sahani yako, akaweka ngano na asali, akakataa mtu yeyote kugusa pirohi zake za unga na viazi mpaka nyota ya pili. Ya kwanza, ile tunayoanza nayo kula, aliiona, akasema labda treni imechelewa.

Sijamwambia kitu. Nimemwambia una mechi. Sasa na mimi umenifanya mwongo.

Usiku nasikia milio ya mbao za nyumba kwa baridi, kila mlio naamka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi sitaki nikuumbue, nataka tu kujua. Andika hata mstari mmoja. Andika matusi ukipenda.

Stefka


Kettle Narrows
19 Januari 1970

Dada Stefka,

Nilifunika. Naona giza, na kwenye kona ya juu kitu kama mwanga wa dirisha lililopakwa maziwa. Basi.

Ilikuwa Februari mwaka jana, mazoezini, wala si kwenye mechi. Kisahani kiligonga fimbo ya mtu kikapanda. Mfupa wa shavu uliingia ndani, na jicho likavimba mpaka wakalisahau lenyewe, wakashughulika na nyuzi. Uvimbe ulipoisha nikangoja kuona. Nikangoja. Daktari wa mgodi aliponipima nilishakariri herufi za ukutani kwa jicho la kulia. Ligi hairuhusu kipa mwenye jicho moja, unajua. Wala hakuna ligi inayoruhusu.

Hajui mtu, hata Lorne. Yeye alidhani tunakutania, ndiyo maana akakubali kulala mezani. Ningekutumia uso wangu vidole vyako vingelikuta shavu siku hiyo hiyo.

Unashangaa nimewezaje kucheza. Nimejifunza. Nasimama nimegeuza kichwa kama kuku anayetazama punje. Nimeziba upande wa kushoto kwa glavu yako na kwa mguu. Naukumbuka uwanja, nasikia viatu vyao vinavyokwangua, najua nani anapenda kupiga wapi. Na tunashinda! Tunaongoza ligi, dada. Siku hizi nacheza vizuri kuliko nilipokuwa na mawili, maana sisinzii hata nukta moja. Wala nje ya uwanja sisinzii. Nikikaa kwenye kiti nakaa upande nione mlango. Nachoka mpaka mifupa.

Usiniambie niache. Najua utakayosema, nimeshajisemea yote. Lakini niambie, nje ya goli mimi ni nani? Kule chini mgodini niko miongoni mwa wanaume mia mbili wenye koleo, na kwa jicho moja hata koleo watanipokonya. Siku ya mechi watu wazima wananisimamisha dukani kunishika mkono. Sipati usingizi nikifikiria siku watakayoacha.

Kasha hili lina uso wangu, wa kweli safari hii. Nilimwambia Ozzie ule wa kwanza ulivunjika njiani. Nitengenezee kinyago. Nakitaka sasa, kwa sababu naogopa, nalisema wazi. Naogopa kila kisahani kinachopanda juu ya kiuno. Lakini kitengeneze hivi: matundu mawili, watu wasijue. Tundu la kulia liwe pana kama yai la bata, nione pembeni. La kushoto lifanane nalo. Ukifanya hivyo nitamaliza msimu nikiwa salama, na msimu ukiisha tutazungumza.

Usimwambie Mama.

Metro


Canora
14 Februari 1970

Metro wangu,

Nililia. Sikulia kwa barua, nililia kwa plasta. Shavu lako lina shimo ambamo kidole gumba changu kinaingia. Mama alinikuta, akauliza nani huyo mezani. Nikasema mteja. Akakutazama, akaugusa mdomo wa juu pale penye kovu, akatoka. Nadhani hapo hapana tena la kumwambia.

Sasa nisikilize kama fundi, maana kama dada hunisikii.

Nimejaribu ulichotaka. Nimelaza faiba matabaka manne, nikakitoboa kama ulivyosema, tundu la yai la bata. Halafu nikachukua kisahani, nikakisimamisha kwa ubavu wake, nikakisukuma. Ubavu umeingia tunduni mpaka umegusa jicho la plasta. Jicho la kulia, Metro. Nikatupa kile, nikaanza kingine. Nikapunguza tundu, nikasukuma tena, nikapunguza tena. Tundu likiwa dogo kiasi cha kuzuia kisahani, nilikivaa mwenyewe nikafumba la kushoto. Sikuona mkono wangu mwenyewe ulioko pembeni. Nimerudia hivyo mpaka Prokop amesema faiba yake imekwisha. Kinyago cha kukulinda hakitakuachia kucheza, na cha kukuachia kucheza hakitakulinda. Kati ya hivyo viwili hakuna cha tatu. Ningekuwa nacho ningekushonea kwa ngozi yangu mwenyewe.

Kwa hiyo nakutumia kilicho salama. Tundu la kulia ni dogo. Upande wa kushoto sikutoboa kabisa, faiba imepita moja kwa moja, kwa sababu pale hapana cha kuonea, bali pana mfupa uliovunjika unaohitaji ukuta. Ndani nimeweka sufi penye shavu na ngozi laini ya ndama kwenye paji, na kamba tatu za kufungia nyuma. Kitakukaa kama ngozi yako. Sijatengeneza kitu kizuri kuliko hiki.

Tundu la uongo sikuweka. Niliishika tupa mkononi, nikaona hapa ndipo nitakapokuua kwa adabu, kwa sababu uliniomba vizuri. Nikaiweka chini.

Ukikivaa, uwanja mzima utajua. Usipokivaa, siku moja nitakuja kukushika mkono nikuvukishe barabara. Mimi nimefanya sehemu yangu. Iliyobaki ni yako, na nachukia kwamba ni yako, nazunguka hapa dukani kama kuku anayetaka kutaga.

Uliuliza wewe ni nani nje ya goli. Wewe ni mtoto wa pili wa Hawryluk fundi hatamu, na benchi hili lina viti viwili.

Stefka


Kettle Narrows
3 Machi 1970

Dada,

Kilikaa chini ya kitanda siku kadhaa. Nilikuwa nakitoa, nakitazama, nakirudisha. Lorne akaniambia, "Bwana, hicho kitu kinanitazama." Nikamwambia kina jicho moja tu, usijali. Akacheka. Baadaye akaacha kucheka.

Jumamosi ilikuwa mechi ya kwanza ya mtoano, na Snow River wenyewe. Tukiwa tunapasha mwili, shuti moja likapita sikioni kushoto. Sikuliona, Stefka. Nilisikia upepo wake, kisha mbao nyuma yangu zikapiga kelele. Lilikuwa shuti la kitoto tu. Nikaenda kwenye benchi, nikafungua mfuko, nikakivaa.

Kilinikaa sawasawa. Nataka ujue hilo kwanza.

Nikarudi golini. Wageni wakaanza ule wimbo wa watoto tuliomwimbia kipa wao. Kisha mlevi mmoja wa upande wetu akapaza sauti, "We Hawryluk! Umesahau kutoboa jingine?" Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Wenzangu nao walicheka, halafu nikawaona wanaacha, mmoja mmoja. Bibi wa bweni alikuwa jukwaani, aliweka mkono mdomoni. Lorne akateleza taratibu akaja upande wangu wa kushoto. Nilijua tu kwa mlio wa viatu vyake. Akasema, "Metro, nina vidole vingapi hapa?" Nikageuza kichwa kizima kumtafuta. Akaninong'oneza, "Ee Mungu wangu," na akabaki amesimama pale pale kama amepewa lindo.

Kocha alikuja mpaka golini na viatu vyake vya mitaani, anateleza, ameshika mwamba wa goli. Nilingoja matusi. Akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu Februari ile. Akapiga hesabu ya mechi kichwani, nilimwona midomo ikitembea. "Na umetuweka juu ya ligi na hilo moja." Nikasema ndiyo. Akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Ungeniambia, mwanangu," akasema. Nikamwuliza ningemwambia angefanyaje. Akatazama barafu. "Ningekutoa," akasema. Basi tukaelewana.

Wamemweka kipa wa akiba. Tumefungwa sita. Nilikaa benchi mpaka mwisho na kinyago usoni, sijui kwa nini sikukivua. Watu walipita kunishika mkono, na mimi nilikuwa nalia mle ndani ambamo hakuna aonaye. Kinafaa hata kwa hilo.

Mgodi wameniita jana, wakaongea nami vizuri. Kitanda kinahitajika mwisho wa juma lijalo. Msimamizi wa zamu alikuja kuniaga, akasema, "Kwaheri, Metro." Kumbe jina langu alikuwa analijua.

Nimelala tangu jana mchana mpaka leo asubuhi. Sijapata kulala hivyo mwaka mzima.

Nakuja na treni ya Alhamisi ya juma lijalo. Utakapokuja kituoni na Mama, msinipungie kutoka upande wa mnara wa nafaka, utakuwa kushoto kwangu, nitawapita. Simameni kulia.

Metro